Programu yako ya kuandikia ina kelele? Bakisha alama hizi tu

Ukiishi Busia karibu na mpaka, unajua thamani ya alama ndogo kwenye skrini. Uko upande wa Kenya, mara simu inashika mtandao wa Uganda. Ukiona jina la mtandao limebadilika au herufi R imetokea pale juu, unazima data haraka kabla salio halijayeyuka. Alama moja, na tayari umebadilisha unachofanya.

Sasa tumia kipimo hicho kwenye programu unayoandikia.

Fungua Word kwenye saiba yoyote uchape barua ya kuomba kazi. Chini kabisa kuna upau wa hali: ukurasa, idadi ya maneno, lugha. Kwa wewe unayejifunza kodi, Visual Studio Code ndiyo itakuchosha: namba ya mstari, safu, UTF-8, CRLF, makosa, maonyo. Ukianza kuzisoma zote, kazi itakwisha lini?

Lakini usikimbilie kuficha kila kitu. Bill Joy alipounda programu ya vi huko California mwaka 1976, alitumia modemu ya biti 300 kwa sekunde, yaani karibu herufi 30. Kujaza skrini ya herufi 1,920 kungechukua zaidi ya dakika moja, kwa hivyo vi ilinyamaza. Haikukuonyesha kama unachapa maandishi au unatoa amri. Unadhani unaandika, kumbe unafuta! Vim ya Bram Moolenaar, iliyotolewa mwaka 1991, huandika INSERT chini ya skrini ukiwa unachapa. Neno moja tu, na shida imeisha.

Basi kila alama iulize maswali mawili: inabadilika nikiwa kazini? Nikikosa kuiona, nitaumia?

Ikijibu ndiyo mara mbili, ibaki. Ya kwanza ni ile ya kuhifadhi. Programu nyingi huweka kitone au nyota kando ya jina la faili ambayo hujaihifadhi. Stima ikipotea Malaba na mwisho wa kutuma maombi ni leo, kitone hicho ndicho tofauti kati ya kutuma na kuanza upya. Ya pili ni idadi ya maneno, hasa ukiandikia ufadhili wenye kikomo. Chagua insha yenyewe tu, Word itakuhesabia sehemu hiyo.

Zipo zinazobadilika mara chache lakini zikikosewa zinauma. Lugha ikibaki Kiingereza, barua yako ya Kiswahili itajaa mistari myekundu. Skripti iliyohifadhiwa kwa CRLF kwenye Windows inaweza kukataa kufanya kazi kwenye seva ya Linux. Hizi zingefaa kuwa kama taa ya oili kwenye trela zinazopanga foleni Malaba: geji ya mafuta dereva huiona muda wote, taa ya oili huwaka kukiwa na shida. Kwa kuwa programu nyingi hazina akili hiyo, zitazame kabla ya kutuma faili.

Zilizobaki, ondoa. Kwenye Word na VS Code, bofya upau wa hali kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha toa tiki kwa usichohitaji. Ukikosa kitu baada ya wiki, kirudishe. Usipokikosa, hukukihitaji.