Pigo Fupi Kwanza, Pigo Kamili Baadaye

Safari hii tuzungumze juu ya mgongo. Mwalimu wetu atakuwa mchezo ambao wengi wetu hapa Tchomia hatujaucheza: gofu.

Ng'ambo ya ziwa letu, katika Uganda, mchezo huu ni wa zamani. Klabu ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1901. Katika uwanja wa Jinja ilijulikana sheria moja: mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, mchezaji aweza kuuondoa bila adhabu. Sisi wa Ziwa Albert, tunaowafahamu viboko, hatuna haja ya kuelezwa sababu!

Ukimwona fundi wa gofu anavyozungusha fimbo, utadhani nguvu yote ni ya mikono. Sivyo. Nguvu inatoka miguuni, inapita nyonga na mabega, na mikono inafika mwisho. Kwa hiyo mwanafunzi haanzi na pigo kubwa. Anafuata hatua:

1. Karibu na shimo, fimbo inakwenda nyuma kidogo tu. Anajifunza kugusa mpira sawasawa.
2. Mikono inafika usawa wa kiuno. Anajifunza kuhamisha uzito kutoka mguu wa nyuma hadi wa mbele.
3. Mikono inafika kifuani, na mabega yanageuka.
4. Sasa pigo kamili. Likiharibika, anarudi hatua moja.

Anayeruka hatua huumia hasa kiuno, kiwiko na kifundo cha mkono.

Je, sisi wa sururu na nyundo? Mtu ametoka likizo, au amepona malaria juzi. Pigo lake la kwanza asubuhi anainua nyundo juu ya kichwa, misuli ikingali baridi. Kabla ya saa sita amekuja dispensari ameinama, mkono kiunoni. Nyumbani mama atabeba kuni na maji peke yake, na shamba litangoja.

Basi fanyeni hivi. Tembea na kunyoosha viungo dakika 5. Mapigo 10 ya kwanza yawe mafupi, 10 yanayofuata yafike kifuani, ndipo upige kamili. Ukitoka ugonjwani, ongeza kazi siku kwa siku, na mwambie kapita wako mapema. Usipinde kiuno miguu ikiwa imesimama mahali pamoja; geuza miguu pia. Kagua mpini kama umekaza. Vaa kofia, miwani na viatu vya kazi, na mtu yeyote asisimame nyuma yako. Nanyi mama, jembe na mchi vina kanuni hiyo hiyo.

Kiuno kikiuma, usilale kitandani siku nyingi, tembea polepole. Usinunue sindano sokoni. Lakini maumivu yakishuka mguuni, njoo dispensari. Na mguu ukilegea, au mkojo ukizuia, au mapaja kwa ndani yakifa ganzi, njoo saa ile ile, hata usiku, maana mishipa ya fahamu inabanwa, na kuchelewa kwaweza kuleta kilema.

Mwamba utakuwapo kesho. Tunza mgongo, nawe uwepo.