Giaboksi Mpya, Kilio Kilekile

Mtu ananunua gari jipya la michezo lenye gia za mkono. Kabla halijamaliza kilomita elfu tano, gia ya pili inaanza kukwaruza. Akilirudisha kwa wakala anaambiwa giaboksi bado haijazoea, aendelee kuendesha. Akirudi tena, anafungiwa giaboksi nyingine kwa gharama ya dhamana, na anaondoka ameridhika. Miezi michache ikipita, gia ileile inakwaruza vilevile, na safari hii lawama zinamwangukia dereva.

Mimi nashikilia jambo moja. Giaboksi ya pili ikiharibika mahali palepale ilipoharibikia ya kwanza, acha kwanza kuitafuta kasoro ndani yake. Mara nyingi kuna kitu cha nje kinachoiua, na kitu hicho kilibaki ndani ya gari siku giaboksi ilipobadilishwa.

Kuelewa kwa nini, lazima tujue kazi ya sinkro. Gari likiwa katika mwendo, magurudumu yanaizungusha shafti ya nyuma ya giaboksi muda wote. Shafti ya mbele, iliyovaa klachi pleti, inapokea mzunguko kutoka kwenye injini. Tuseme injini iko kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika na unatoka gia ya kwanza kwenda ya pili, ambayo uwiano wake ni theluthi mbili za ule wa kwanza. Ili meno yaingiliane bila kugongana, shafti ya mbele lazima ishuke hadi mizunguko 4,000, tena kwa muda ambao mkono wako unavuta gia tu. Kinachoishusha ni ringi ndogo ya shaba, au yenye utando wa kaboni, inayojibana juu ya koni ya gia kama kikombe kinavyokaza ndani ya kikombe kingine. Msuguano wake unasawazisha mwendo wa pande mbili. Ringi hiyohiyo inaziba njia hadi mwendo ulingane, kisha inafungua na gia inaingia.

Sasa zingatia uzito ambao ringi hii imeundwa kuudhibiti: shafti ya mbele, meno yanayozunguka nayo, na klachi pleti. Basi. Haikuundwa kupambana na injini. Klachi isipoachia kikamilifu unapokanyaga pedali, injini inaendelea kuivuta shafti, na ringi hiyo ndogo inalazimika kushindana na injini ya mamia ya farasi. Inapata moto, mifereji yake midogo inayokata oili inasagika ikawa laini, na baada ya hapo haiwezi tena kuikamata koni. Meno yanakutana yakiwa na mwendo tofauti, na hiyo ndiyo sauti ya kukwaruza tunayoijua.

Fundi akifungua giaboksi anaiona ringi imekwisha. Ameona kweli, lakini alichokiona ni aliyeumizwa, na aliyeumiza yuko nje. Akiweka ringi mpya, au giaboksi mpya nzima, huku klachi ikiwa ni ileile, ameanza kuhesabu siku upya.

Magari ya michezo yanapatwa na jambo hili zaidi kuliko magari ya kawaida. Presha pleti yake ina springi kali kwa sababu inabeba nguvu nyingi, na dereva anabadili gia injini ikiwa juu sana. Halafu nafasi yenyewe ni finyu mno: klachi ikiachia, pleti inatengana na flaiwili kwa chini ya milimita moja kila upande. Kiputo cha hewa kwenye bomba, masta silinda inayovuja kwa ndani, au bomba la mpira linalotanuka likipata joto, kila kimoja kinatosha kuila nafasi hiyo. Kwa kuwa mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayoendesha klachi ya magari mengi, hufyonza unyevu na hulegea yakipata joto kali, tatizo hujitokeza baada ya kuendesha kwa nguvu, kisha likatoweka gari likipoa. Mteja anafika gereji asubuhi, fundi anazunguka nalo mtaa mmoja, na kwenye karatasi anaandika kwamba kasoro haikuonekana.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Ford Mustang ya modeli ya 2011. Ford iliipa injini mpya ya V8 ya lita 5.0, nguvu farasi 412, pamoja na giaboksi ya gia sita iitwayo MT-82, ya Getrag, iliyotengenezwa China. Malalamiko yalianza mapema. Wengine walisema gia ya kwanza na ya pili ni ngumu asubuhi za baridi. Wengine walisema gia ya tatu inakataa kuingia wakibadili injini ikiwa juu. Wengine walisema pedali ya klachi inabaki chini. Mwaka 2011 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi, na mwaka 2012 ikaufunga bila kuamuru magari yarudishwe kiwandani. Uamuzi huo uliwaudhi wamiliki wengi, ingawa kazi ya mamlaka hiyo ni usalama: gari linalokataa gia bado linashika usukani na breki. Kukerwa kwa mnunuzi kunatafutiwa haki kwingine.

Ninachokiona mimi ni kwamba watu walikuwa wakiita kwa jina moja, giaboksi mbovu, mambo matatu yasiyofanana. Ugumu wa asubuhi ulikuwa na uhusiano na oili, na Ford iliwaelekeza mafundi wake kuweka oili nyepesi zaidi kwa magari yenye dalili hiyo. Gia ya tatu kukataa kulihusiana, kwa sehemu, na jinsi mkono wa gia ulivyofungwa: sehemu yake moja imeshikwa na bodi ya gari kupitia bushi laini ya mpira, wakati giaboksi yenyewe inajipinda pamoja na injini unapokanyaga mafuta kwa nguvu. Mkono unalenga gia ya tatu, lakini mlango wa gia ya tatu umeshasogea. Pedali kubaki chini ni suala la klachi. Mtu mwenye tatizo la bushi akibadilishiwa giaboksi hata mara tatu hatapona, na mwenye tatizo la oili akibadilishiwa bushi atarudi palepale.

Haimaanishi kwamba giaboksi haiwezi kuwa na kosa la kuzaliwa. Nissan 350Z, ambayo Wajapani wanaiita Fairlady Z na ambayo baadhi yetu tunaiona ikiingia huku ikiwa imeshatumika Japani, ilianza kuuzwa mwaka 2002 ikiwa na sinkro dhaifu, hasa za gia za juu kama ya tatu na ya tano. Nissan iliirekebisha giaboksi hiyo mara kadhaa, na toleo lililotulia ni lile linalojulikana kwa namba CD009. Leo mafundi wa magari ya mashindano wanalisaka kulifunga hata kwenye magari mengine. Kwa hiyo namba ya toleo ni jambo la kuuliza. Wakala akikuambia amekufungia giaboksi mpya, taka kujua kama ni toleo lililorekebishwa au ni ileile iliyotoka kwenye stoo na udhaifu uleule.

Oili inastahili maneno yake yenyewe, kwa sababu hapa kwetu ndiyo inayoharibu giaboksi nyingi kimyakimya. Katika gereji nyingi kuna oili moja nzito ya namba 90, na inamiminwa kwenye giaboksi na kwenye difu bila kuuliza. Difu inahitaji oili ya daraja la GL-5, yenye kemikali nyingi za salfa na fosforasi za kuhimili mgandamizo. Giaboksi nyingi za mkono zinataka GL-4. Kemikali za GL-5 zinaweza kuila shaba ya ringi za sinkro, na tena oili yenyewe inateleza kupita kiasi: ringi inahitaji msuguano ili ifanye kazi, na wewe umeinyima. Uzito nao una maana. Kwenye baridi ya Limuru au Makete mwezi wa Julai, oili nzito inakuwa kama uji ndani ya giaboksi, na gia ya pili inakataa hadi gari lipate joto. Gari la michezo likiwa gumu kwa kilomita chache za kwanza asubuhi kisha likalainika, hiyo si kasoro ya kupigania. Liendeshe taratibu hadi oili ipate moto. Likiwa gumu likishapata moto, hapo kuna kesi.

Kabla hujakubali giaboksi ifunguliwe, kuna vipimo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvifanya. Zima injini, pitisha gia zote. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa na kukataa ikiwa inawaka, mtuhumiwa wa kwanza ni klachi. Washa injini, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde tano, kisha weka rivasi. Sekunde hizo zinatosha shafti isimame kama kweli klachi imeachia. Rivasi ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi inaburuta. Pampu pedali mara nne au tano upesi halafu jaribu tena. Ikiwa gia zimelainika baada ya kupampu, tafuta hewa au uvujaji kwenye silinda za klachi.

Kipimo kingine nakipenda zaidi, ingawa kinahitaji mazoezi. Unaposhuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili, kanyaga klachi, weka gia huru, achia klachi, gusa mafuta kidogo ili injini ipande, kanyaga tena klachi na uweke ya pili. Madereva wa malori ya zamani waliishi kwa njia hii, kwa sababu giaboksi zao hazikuwa na sinkro. Kwa kufanya hivyo unakuwa umeifanyia sinkro kazi yake. Gia ikiingia bila sauti kwa njia hii, na kukwaruza kwa njia ya kawaida, sinkro ya gia hiyo imechoka, na sasa swali ni nini kimeichosha. Gia inayoingia vizuri kisha ikachomoka yenyewe unapoachia mafuta ni habari nyingine: angalia meno ya kushikia, uma wa gia, na mauntingi za injini. Na mvumo unaosikika gari likiwa gia huru, ukatoweka ukikanyaga klachi, mara nyingi ni beringi ya shafti ya mbele. Ukisikika pale tu unapokanyaga, ni beringi ya klachi.

Dereva naye ana sehemu yake, na ni haki aambiwe. Mkono unaopumzika juu ya gia unausukuma uma usuguane na sehemu inayozunguka. Mguu unaopumzika juu ya klachi unaila beringi. Baya kuliko yote ni kutoka gia ya tano kutafuta ya nne ukaangukia ya pili: magurudumu yanaizungusha injini kupita kikomo chake. Kompyuta za magari mengi ya michezo hutunza kumbukumbu ya mzunguko uliopitiliza, na Porsche inajulikana kwa kuipanga kumbukumbu hiyo kwa viwango. Wakala atakayetaka kukataa dhamana ataanzia hapo. Kwa hiyo ni vizuri nawe uombe nakala ya kumbukumbu hiyo mapema. Ikiwa safi, imekuondolea lawama kabla hazijaletwa.

Andika. Kila tukio lipate tarehe, kilomita, gia gani, injini ilikuwa na joto au baridi, mizunguko mingapi. Rekodi sauti kwa simu. Kila unapopeleka gari, hakikisha malalamiko yako yanaandikwa kwa maneno yako kwenye karatasi ya kazi, hata kama fundi hakuona kitu. Omba pia uendeshe gari jingine la aina hiyohiyo likiwa na joto sawa na lako. Ukiona nalo lina tabia ileile, umejua ni umbile la modeli; ukiona ni tofauti, umepata ushahidi mkubwa kuliko maelezo yoyote.

Karatasi hizo zina nguvu ya kisheria. Uingereza, Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kulikataa gari lenye kasoro, na baada ya hapo muuzaji akishindwa katika tengenezo moja, mnunuzi anaweza kulirudisha au kudai punguzo la bei. California, matengenezo manne au zaidi ya kasoro ileile ndani ya miezi 18 au maili 18,000 za mwanzo yanaweza kumlazimu mtengenezaji athibitishe kwamba hajashindwa. Kwetu hakuna sheria ya magari mabovu iliyoandikwa kwa kina hivyo. Hata hivyo, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012, Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na sheria za uuzaji wa bidhaa za nchi zote mbili zinamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa. Mnunuzi asiye na karatasi hawezi kuonyesha kwamba kasoro ni ileile iliyorudi.

Wapo wanaokimbilia kubadilisha bomba la mpira la klachi kwa lile lililofumwa kwa waya wa chuma, kutoa vali ndogo inayochelewesha klachi, au kufunga mkono mfupi wa gia. Baadhi ya mabadiliko hayo ni mazuri kweli. Yafanye dhamana ikishaisha, au wakala akikubali kwa maandishi, maana sehemu ya kigeni ikionekana chini ya gari, mjadala wote unahamia kwenye sehemu hiyo.

Na wakala akikupigia simu kukueleza kwamba giaboksi ya pili iko njiani, mwambie asifunge kitu kabla ya kupima klachi inaachia kwa kiasi gani gari likiwa na moto, kubadilisha mafuta ya klachi na kutoa hewa yote, kukagua bushi na mauntingi, na kukuandikia namba ya oili atakayoweka. Giaboksi ya zamani ifunguliwe mbele yako. Vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ya bolti ya kutolea oili ni la kawaida kwa gari jipya. Ukiona ringi ya gia moja imesagika na nyingine zote ni nzima, chunguza gia hiyo na jinsi inavyowekwa. Ukiona ringi za gia zote zimesagika, rudini kwenye klachi.