Kuku, Bata Mzinga na Kikohozi cha Mtoto

Mama mmoja wa Bunyakiri alitujia siku ya soko na swali lililomsumbua. Mtoto wake mchanga alikuwa akikohoa siku kadhaa, na jirani alimwambia ya kuwa ugonjwa umetoka kwa kuku, kwa maana hulala ndani ya nyumba. Je, awachinje wote? Kuku sita si mali ya kuchezea; ndio karo ya wakubwa wa mtoto huyo. Haikufaa tumjibu kwa kubahatisha.

Wasomaji wetu wajue kwanza ya kuwa jirani hakusema upuuzi mtupu. Mwaka 2001 wataalamu wa Uholanzi walitangaza kirusi walichokipata kwa watoto 28 waliougua kifua, nacho kikaitwa metanyumovirusi. Upya wake ulikuwa machoni pa wataalamu tu, kwani damu iliyohifadhiwa tangu mwaka 1958 ilionyesha alama zake. Karibu watoto wote hushikwa nacho kabla ya kutimiza miaka mitano. Wengi hupata mafua tu, lakini wengine huingiwa na kichomi. Na ndugu yake wa karibu alikutwa kwa bata mzinga!

Undugu huo hujulikanaje? Kila kirusi hubeba maandiko ya urithi, yaitwayo jenomu. Ya kirusi hiki yana herufi kama 13,000, za aina nne tu. Kirusi kinapozaliana, maandiko hunakiliwa, na katika kunakili huingia makosa. Sisi walimu twalifahamu jambo hili vizuri. Tukisahihisha madaftari tukaona wanafunzi wawili wamekosea neno lile lile, mahali pale pale, twajua kwamba mmoja alimchungulia mwenzake, au wote wawili walimchungulia wa tatu. Wataalamu nao huyaweka maandiko ya kirusi hiki kando ya kile, herufi kwa herufi, wakaangalia yanapopatana na yanapoachana.

Hapo walikuta ajabu. Virusi hivyo vya ndege vina aina kadhaa, zinazoitwa A, B, C na D. Mtu angedhani zote za ndege zitafanana zenyewe kwa zenyewe kuliko kufanana na ya binadamu. Sivyo. Aina C, iliyoonekana Marekani mwaka 1996, iko karibu zaidi na ya binadamu kuliko na A na B. Kwa kukadiria mwendo wa makosa, wataalamu waliona kwamba hizo mbili ziliachana yapata miaka 200 iliyopita, na yaelekea kirusi kilitoka kwa ndege kikaingia kwa watu.

Lakini miaka 200 ni mingi. Sasa kirusi hiki ni cha watu. Chapita kwa kikohozi na kwa mikono, toka mtoto hata mtoto, wala hakimngoji kuku. Tena sisi ndio tunaowapa wanyama. Mwaka 2009, huko Rwanda, kundi la gorila wa milimani liitwalo Hirwa lilishikwa na kikohozi. Jike mmoja na mtoto mchanga wakafa, na katika miili yao ilikutwa metanyumovirusi ya binadamu. Watu wa Bunyakiri, wenye Hifadhi ya Kahuzi-Biega jirani, wasiisikie kama habari ya mbali.

Mafua ya ndege yenyewe ni jambo jingine. Mwaka 2017 aina ya H5N8 iliua ndege wengi wa majini kando ya Ziwa Victoria, karibu na Entebbe, na mwaka huo huo ikaonekana kwa kuku na bata wa Ituri. Kuku wakifa wengi kwa ghafula, wasiliwe wala wasishikwe kwa mikono mitupu. Aitwe mganga wa mifugo.

Basi tulimwambia mama yule awajengee kuku kibanda nje, maana kinyesi chao hakifai chumbani, lakini asiwachinje. Kisha tukamwuliza juu ya mtoto: je, apumua mbio? Mbavu zaingia ndani avutapo pumzi? Anyonya? Akajibu kwamba tangu jana hanyonyi vema. Hapo tuliacha habari za ndege, tukamsindikiza hadi kituo cha afya.