Deraya Huanzia kwenye Kadibodi

Katika makumbusho ya Royal Armouries mjini Leeds, Uingereza, kuna deraya iliyotengenezwa mwaka 1520 kwa ajili ya Mfalme Henry VIII. Ina vipande 235 na uzito wa karibu kilo 43, na ilikusudiwa kwa mashindano ya kupigana kwa miguu. Mtu akiizunguka kutafuta mahali ambapo ncha ya upanga ingepenya, hapaoni. Kwapa, nyuma ya goti, hata makalio, kote kumefunikwa kwa mabamba membamba yanayopandana na kuteleza kila kiungo kinapokunjwa. Kanuni za mashindano zilibadilishwa kabla kazi haijakamilika, hivyo mfalme hakuingia nayo uwanjani. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa Marekani waliokuwa wakibuni mavazi ya wanaanga waliichunguza, kwa kuwa mafundi wa mfalme huko Greenwich walikuwa wamekwisha kutatua tatizo lao: namna ya kuufunika mwili mzima kwa kitu kigumu bila kuuzuia kusogea.

Hapo ndipo penye moyo wa kazi hii, na ndipo wanagenzi wengi wanapokosea. Anayetaka kujitengenezea deraya ya enzi za kati hufikiria kwanza nyundo, fuawe na moto. Vyote vitahitajika. Lakini deraya ni vazi, na fundi wake yuko karibu na fundi cherehani kuliko anavyodhani. Mgongo uliopimwa vibaya hauokolewi na nyundo, na kiwiko ambacho ribiti zake zimekaa nje ya mhimili wa mkono hakitakunjika hata kama bamba lake linang'aa kama kioo.

Wanaoifanya kazi hii kwa kuipenda tu si wachache. Chama cha Society for Creative Anachronism, kilichoanzia Berkeley, California, mwaka 1966, kina wanachama wanaopigana kwa silaha za henzirani wakiwa ndani ya deraya za kweli. Ulaya mashariki ulichipuka mchezo mkali zaidi, wa timu zinazopigana kwa panga na mashoka ya chuma yaliyofanywa butu; mashindano ya kimataifa ya Battle of the Nations yalianzia katika ngome ya Khotyn, Ukraine, mwaka 2010. Deraya nyingi zinazovaliwa humo zimetoka kwenye karakana ndogo, nyingine kwenye banda la nyuma ya nyumba ya mhasibu au mwalimu ambaye jioni hugeuka mfua chuma. Wengine hawapigani kabisa. Wanataka tu kujua, kwa mikono yao, mafundi wa zamani waliwezaje.

Jambo la kwanza kujua ni uzito. Deraya kamili ya vitani ya karne ya 15 kwa kawaida ilikuwa na kilo 15 hadi 25, na mzigo huo ulitawanywa mwili mzima. Aliyeizoea aliweza kukimbia, kulala chini na kuinuka, na kumpanda farasi wake. Picha ya askari anayeinuliwa kwa winchi kuwekwa juu ya farasi ni ya filamu, haina msingi katika historia. Hata hivyo wepesi huo ulikuwa na bei. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, wakiongozwa na Graham Askew, walitoa matokeo ya jaribio ambalo watu waliozoea kuvaa deraya walitembea na kukimbia kwenye mashine ya mazoezi wakiwa wamebeba kilo 30 hadi 50 za chuma. Nishati waliyotumia kutembea ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kawaida. Sababu moja ni miguu: chuma kilichofungwa kwenye mashavu ya miguu na nyayo hurushwa mbele na kurudishwa nyuma kwa kila hatua. Sababu ya pili ni kifua, ambacho hakipati nafasi ya kutanuka mtu anapovuta pumzi ndefu.

Kwa fundi, matokeo hayo ni maelekezo ya kazi. Uzito upunguzwe pale unapochosha zaidi, uongezwe pale ambapo pigo linaua. Mafundi wa zamani walilijua hilo bila mashine. Dirii zao, yaani mabamba ya kifua, hazikuwa na unene mmoja. Katikati ya kifua zilikuwa nene, kisha zikapungua kuelekea mbavuni. Mabamba ya mikono na miguu yalikuwa membamba zaidi, mara nyingi karibu milimita moja. Chapeo ndiyo iliyopewa chuma kingi.

Leo chuma hununuliwa dukani kwa geji. Bamba la geji 16 lina unene wa karibu milimita 1.5, la geji 18 karibu milimita 1.2. Hilo la pili hufaa mikono na miguu, na la kwanza hufaa kifua. Chapeo ya kupigania ina masharti yake: kanuni za Society for Creative Anachronism zinataka chuma kisichopungua milimita 1.6, na wanaopigana kwa silaha za chuma huenda juu ya hapo. Kinachotafutwa ni chuma laini cheusi, kile kinachotumiwa na wachomeleaji wa mageti, kisichopakwa kitu. Mabati ya kuezekea yasiguswe kamwe. Yamepakwa zinki, na zinki ikipata moto wa kuchomelea au wa tanuri hutoa moshi unaomletea fundi homa, kutetemeka na kifua kubana saa chache baadaye.

Wapo wanaodhani kwamba chuma cha zamani kilikuwa bora kuliko hiki cha dukani. Alan Williams, mtaalamu wa metali aliyezichunguza deraya nyingi za makumbusho kwa hadubini na kuchapisha matokeo yake mwaka 2003, alionyesha kwamba hali ilikuwa ya mchanganyiko mkubwa. Chuma kilitoka kwenye tanuri kikiwa na chembe za takataka ndani yake, na kiasi cha kaboni kilitofautiana kutoka sehemu hadi sehemu ya bamba lilelile. Mafundi wa Milano, na baadaye wa Innsbruck na Augsburg, walijifunza kukiimarisha kwa kukipasha moto na kukipoza ghafla, lakini deraya nyingi za askari wa kawaida zilikuwa za chuma laini chenye nyufa na mistari ya takataka. Kwa usafi na usawa, bamba la geji 16 la leo linazishinda nyingi kati ya hizo.

Lakini chuma laini hakigeuki kigumu kwa kuzamishwa majini, kwa kuwa kaboni yake ni ndogo mno. Anayetaka ugumu wa Innsbruck lazima atumie chuma chenye kaboni ya karibu asilimia 0.5, akipashe hadi kiwe chekundu kinachoelekea machungwa, karibu nyuzi 850 za Selsiasi, akizamishe kwenye mafuta, kisha akirudishie moto mdogo ili kisiwe chepesi kuvunjika. Moto huo wa pili husomwa kwa rangi inayotanda juu ya chuma kilichosuguliwa: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 na kitu, zambarau, kisha buluu karibu na 300. Buluu ndiyo inayotafutwa kwa deraya. Bamba kubwa hupinda likizamishwa, na kulinyoosha bila kulipasua ni ufundi wa miaka. Mwanagenzi asianzie hapo.

Aanzie kwenye kadibodi. Kwanza avae koti nene la tabaka za kitani au pamba litakalokaa chini ya chuma, ndipo apimwe. Deraya iliyopimwa juu ya fulana haitafungika juu ya koti hilo, na bila koti deraya haina kazi, kwa sababu chuma huzuia makali huku pamba ikimeza mshtuko. Kisha vipande vikatwe kwa kadibodi na kuunganishwa kwa vishikizo vya karatasi vyenye miguu miwili mahali pa ribiti. Avivae, akunje mkono, ainue bega, achuchumae, aketi. Kipande kinapogota, kikatwe, panapoachama, paongezwe. Kadibodi kumi zilizotupwa ni rahisi kuliko bamba moja la chuma lililoharibika, na siku zinazotumika hapa ndizo zenye faida kubwa katika kazi nzima.

Baada ya hapo ndipo nyundo inapoingia. Kuna njia mbili za kulipa bamba umbo la bakuli, na tofauti yake ni muhimu. Ya kwanza ni kulibonyeza: bamba huwekwa juu ya gogo lililochimbwa shimo, likapigwa kutoka ndani kwa nyundo ya kichwa duara, kuanzia pembeni kuzunguka kuelekea katikati. Ni njia ya haraka, lakini hulivuta bamba na kulipunguza unene katikati, pale hasa pigo litakapotua. Ya pili ni kulipandisha: bamba hushikizwa juu ya fuawe ndogo ya mviringo, likapigwa kutoka nje, mbele kidogo ya pale linapogusana na fuawe. Kila mzunguko wa nyundo huikusanya kingo ndani badala ya kulivuta bamba, na unene unabaki. Ni kazi ya polepole. Bamba hukakamaa kwa kupigwa, kwa hiyo hurudishwa motoni hadi liwe jekundu na kuachwa lipoe taratibu, tena na tena. Fuvu la chapeo la kipande kimoja lililopandishwa hivi ni kipimo cha fundi aliyeiva. Wengi wa leo hubonyeza nusu mbili na kuzichomelea katikati, na hakuna ubaya, mradi moto wa kuchomelea upenye unene wote wa bamba.

Umbo lenyewe ni nguvu. Mwinuko unaopita katikati ya dirii hulitupa pigo upande badala ya kulipokea. Mapema katika karne ya 16 mafundi wa Ujerumani walijaza deraya zao mifereji inayofuatana kama mawimbi, na mifereji hiyo iliyapa mabamba membamba ugumu bila kuyaongezea uzito. Glavu za Mwana wa Mfalme Edward, aliyefariki mwaka 1376 na kuzikwa katika Kanisa Kuu la Canterbury, zimebanwa kwenye kifundo cha mkono kisha zikatanuka kuelekea kiwiko. Umbo hilo huupa mkono nafasi ya kugeuka, huku mikunjo yake ikiliimarisha bamba. Linapendwa sana na wanaojifunza, nalo huwafundisha mengi.

Viungo ndivyo vinavyotafuna subira. Kiwiko kina kikombe katikati na mabamba membamba juu na chini yake, yanayozunguka kwenye ribiti. Ribiti hizo zikipotoka kidogo tu kutoka mhimili wa kiwiko chenyewe, mabamba yatabanana mkono unapokunjwa au yataachama unaponyooshwa. Kwa hiyo tundu la upande mmoja hutobolewa kwanza, kiungo kikajaribiwa mwilini kwa skrubu ya muda, ndipo la pili litobolewe. Mahali panapohitaji kuteleza, ribiti huwekwa kwenye tundu refu. Mahali panapohitaji kusogea kila upande, mabamba hushikiliwa kwa mikanda ya ngozi iliyofichwa ndani. Ngozi itachakaa na kubadilishwa, na hilo lilikuwa jambo la kawaida hata zamani.

Kwa vazi la kwanza la kifuani, mfano mzuri uko kisiwani Gotland, Sweden. Tarehe 27 Julai 1361 jeshi la Mfalme Valdemar wa Nne wa Denmark liliwashinda wakulima wa kisiwa hicho nje ya kuta za mji wa Visby. Waliokufa walifukiwa haraka katika makaburi ya pamoja, baadhi wakiwa bado wamevaa deraya. Wachimbaji walianza kuyafungua makaburi hayo mwaka 1905, wakapata mifupa ya watu zaidi ya 1,000 na mabaki ya makoti zaidi ya 20 ya mabamba. Kitabu cha Bengt Thordeman cha mwaka 1939, chenye michoro ya makoti hayo bamba kwa bamba, kingali mezani kwa mafundi wengi hadi leo.

Koti la namna hiyo ni mabamba yaliyopigiliwa kwa ribiti upande wa ndani wa ngozi au kitambaa kinene. Mabamba yake mengi yamepinda upande mmoja tu, kufuata mviringo wa kiwiliwili, hivyo hayahitaji kubonyezwa wala kupandishwa. Mkasi wa bati, tupa, jiliwa, mashine ya kutoboa na nyundo vinatosha. Na kwa kuwa ngozi ndiyo inayounganisha, kosa dogo la kipimo husameheka. Shati la pete za chuma, ambalo wengi hulikimbilia wakidhani ni rahisi, linaweza kuhitaji pete zaidi ya 20,000, kila moja ikipita ndani ya nyingine nne. Na pete zilizokutanishwa ncha tu bila ribiti hufunguka kwa pigo la ncha ya mkuki.

Karakana nayo ina hatari zake. Mlio wa nyundo juu ya bamba huua masikio polepole, kwa hiyo vizibo vivaliwe kila siku ya kazi. Miwani ivaliwe kila grainda inapowashwa, na glavu zivuliwe mbele ya mashine ya kutoboa, kwa sababu keekee inayozunguka huishika glavu na mkono uliomo. Gurudumu la kung'arishia hunyakua mkanda wa ngozi na kulirusha bamba zima, basi ung'arishaji ufanywe kabla ya kufunga ngozi.

Msomaji anayetaka kuanza na akate kiolezo cha koti la Visby kwa kadibodi, akijaribu akiwa ndani ya koti lake la pamba, kisha anunue bamba jeusi la geji 16, ngozi ya ng'ombe na ribiti. Chapeo ya kupigania asiivae aliyojitengenezea peke yake mpaka ikaguliwe na fundi mzoefu au na wakaguzi wa chama anachopigania.