Spika za Mtumba: Nunua Sumaku, Kagua Sponji

Mwanafunzi akishapata boom na akawa na geto lake, hakawii kutafuta muziki. Wengi tunaishia kwenye sabufa mpya ya plastiki yenye taa za rangirangi, na hakuna ubaya. Lakini kwa mafundi redio wa hapa Hamugembe, Kashai na pale mjini Bukoba kuna njia ya pili ambayo wengi wanaipita bila kuiangalia: spika kubwa za mbao za miaka ya 1970 na 1980, zenye majina kama Pioneer, Technics, Sansui na Sony. Nyingine zimekuja na mitumba, nyingine zimetoka sebuleni kwa wazee walionunua enzi zile kahawa inalipa.

Mimi nimekulia mtaa huu, na likizo nyingi nimezimalizia kwenye benchi la fundi mmoja jirani yetu. Naandika haya kwa sababu mwenzangu mmoja wa mwaka wa pili alitoa karibu nusu ya boom akanunua jozi ya spika ndefu, zinang'aa kama jeneza jipya. Alipofika geto zikatoa sauti ya redio ya mkulima. Koili za besi zilikuwa zimeungua zote mbili. Mpaka leo anaziwekea pasi na sufuria juu yake, na mwezi ule alikula kwa kudandia.

Ninachotaka kusema ni hiki: kwenye spika ya zamani, sehemu ghali hazizeeki haraka, na sehemu zinazozeeka ni za bei nafuu. Ukijua kuzitofautisha, hela yako iko salama. Usipojua, muuzaji ndiye atakayekuamulia.

Kwa nini ya zamani bado inafaa

Mwaka 1925 wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza muundo wa spika ambao ndio tunaotumia hadi leo. Umeme wa muziki unapita kwenye koili ndogo ya waya iliyogandishwa nyuma ya koni ya karatasi. Koili hiyo inaelea ndani ya mwanya mwembamba wa sumaku. Umeme ukibadilika, koili inavutwa na kusukumwa, koni inakwenda mbele na nyuma, hewa inatikisika, nawe unamsikia Saida Karoli. Hata kispika kilichomo kwenye simu yako kinafuata kanuni hiyohiyo.

Ndiyo maana spika ya 1978 haijapitwa na wakati kama simu ya 2008. Boksi zito la mbao na sumaku nzuri havijaharibika. Tena spika ya aina hii inafunguka kwa skrubu: kila kipande kinatoka na kinarudi. Sabufa ya kisasa ikiungua saketi yake, mara nyingi fundi anakuambia kanunue nyingine.

Sumaku nazo zina historia yake, na inatuhusu. Hadi miaka ya 1970 spika nyingi za daraja la juu zilitumia sumaku ya alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilichimbwa Shaba, ndiyo Katanga, kwa jirani zetu wa Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire. Mwaka 1978 vita vilipofika Kolwezi, bei ya kobalti ikapaa. Viwanda vya spika vikahamia kwenye sumaku za feraiti, zile nyeusi, pana kama chapati nene. Kwa hiyo ukifungua boksi ukakuta sumaku ndogo iliyofichwa ndani ya kikombe cha chuma, usikimbilie kusema ni feki. Huenda ni alniko, na huenda ndiyo spika bora kuliko zote mezani.

Ugonjwa wa sponji

Kinachoua spika nyingi ni ule ukingo laini unaoshikilia koni kwenye fremu. Kuna wa raba, wa kitambaa na wa sponji. Raba na kitambaa hudumu. Sponji inaoza yenyewe, hata kama spika haikuwahi kupigwa, kwa sababu mvuke wa maji ulio hewani unaivunja polepole. Baada ya miaka 10 hadi 20 hivi inaanza kumung'unyika. Sasa fikiria Bukoba, ziwa liko hapo na mvua karibu haitupi likizo. Jozi ya sponji ya 1985 ambayo haijawahi kubadilishwa, ichukulie kuwa imekufa mpaka uthibitishe vinginevyo.

Habari njema ni kwamba sponji ni sehemu ya kubadilisha. Fundi anayejua anakwangua ile ya zamani, anasafisha fremu, anabandika ringi mpya ya saizi ileile, huku akihakikisha koili imebaki katikati. Mfanye akuonyeshe ringi kabla hajaanza. Wapo wanaoziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na gundi kavu. Spika italia, ndiyo, lakini koni imekazwa na besi ya chini imekwenda.

Vipimo vitano mbele ya muuzaji

Kwanza, ondoa kitambaa cha mbele na uguse ukingo kwa ncha ya kidole. Ukibaki na unga mweusi kidoleni, umeshajua.

Pili, weka vidole viwili au vitatu kuizunguka kofia ya katikati, sukuma koni ndani taratibu bila kuipinda, kisha iachie. Itembee kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili imeungua au imetoka katikati, au sumaku imehama. Sumaku nyingi zimegandishwa kwa gundi, na spika ikianguka kwa kishindo zinasogea. Hata safari ya bodaboda kwenye barabara ya mashimo inaweza kufanya hivyo, kwa hiyo ifunge vizuri, au panda bajaji.

Tatu, tumia mita. Spika iliyoandikwa omu 8 husoma pungufu kidogo, kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 husoma karibu 3. Mita ikigoma kabisa, waya wa koili umekatika. Lakini angalia mtego huu: ukipima kwenye vishikio vya nyuma ya boksi unapima besi tu, kwa sababu kapasita ya ndani inauzuia umeme wa mita usifike kwenye tuita. Tuita ifunguliwe ipimwe peke yake.

Nne, chukua betri moja ya volti 1.5, gusisha nyaya kwenye spika ya besi kwa sekunde moja. Koni itaruka mbele au nyuma. Fanya vivyo hivyo kwa ya pili, chanya kwenye alama ileile. Zote mbili ziende upande mmoja. Zikipingana, kuna fundi aliyegeuza nyaya huko nyuma, na besi zitakuwa zinauana. Hilo linarekebishika kwa dakika tano. Tuita usiiguse kwa betri.

Tano, sikiliza kwa wimbo unaoujua wewe, si anaouchagua muuzaji. Mimi hutumia gitaa la Mbaraka Mwinshehe kupima tuita na ngoma za Saida Karoli kupima besi. Piga kwa sauti ndogo, sogeza sikio kwenye kila spika moja moja. Sauti kubwa inaficha maradhi.

Baada ya hapo ndipo mnaongea bei. Tuseme muuzaji anataka shilingi 150,000 na fundi amekuambia kubadili sponji mbili ni 40,000. Mazungumzo yaanzie 110,000 kushuka. Jozi niliyonayo geto niliipata hivyo: sponji zilikuwa zimeisha, koili nzima, na muuzaji mwenyewe alipoona unga kidoleni akasema, "Basi waitu, taja yako." Koili ikiwa imeungua, hapo usipunguziwe; ondoka, isipokuwa fundi wako amekuhakikishia kwamba anaweza kuisuka upya.

Ukishaifikisha nyumbani

Iweke juu ya stuli au matofali mawili, si sakafuni, kwa sababu ya unyevu na mchwa, na maboksi mengi ni ya chipubodi ambayo ikinywa maji inavimba kama andazi. Juu ya kabati napo hapana. Hamugembe iliumia sana kwenye tetemeko la 10 Septemba 2016, na mimi tangu hapo kitu kizito sikiweki juu ya kichwa cha mtu. Ifunike kwa kanga, si kwa nailoni, maana nailoni inafungia unyevu ndani. Jua la dirishani nalo linaikausha sponji.

Umeme ukikatika, zima amplifaya. Ukirudi ghafla na kila kitu kiko wazi, ule mshindo wa kwanza unaipiga koili teke. Usiikamue amplifaya ndogo hadi mwisho pia: sauti ikianza kupasuka, mawimbi yanakatwa vichwa, na nguvu inayokwenda kwenye tuita inazidi kiasi chake. Tuita nyingi zimekufa kwa amplifaya ndogo iliyolazimishwa kuliko kwa kubwa iliyotumiwa kwa adabu.

Sauti ya juu ikianza kufifia, mshuku kapasita kabla ya tuita. Mwambie fundi aweke isiyo na chanya na hasi, yenye thamani ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani. Akikuwekea ya kawaida aliyoitoa kwenye redio mbovu, haitadumu. Na chochote anachotoa, kiweke kwenye mfuko na ukihifadhi ndani ya boksi. Fundi wa kesho atahitaji kujua kilichokuwepo.

Mafundi wenyewe ndio wanaonipa wasiwasi zaidi. Wanaojua kubandika ringi na kuipanga koili katikati ni wazee, na vijana wengi wanakimbilia simu kwa sababu ndiko wateja waliko. Kila jozi inayotengenezwa badala ya kutupwa ni siku moja ya kazi kwa mzee wa aina hiyo, na pengine ni somo kwa kijana anayemshikia tochi.

Kwa hiyo Jumamosi ukishuka mtaani, beba betri moja, mita ya kuazima, kipande cha waya na simu yenye wimbo wako. Muuzaji akikukatalia kupima, mwage salamu na urudi na hela yako.