Kukoma hedhi si mwisho wa raha ya ndoa

Mama wa miaka 49, mfanyakazi wa kiwanda kimoja hapa Industrial Area, alikuja kliniki akilalamikia mgongo. Nilimpima, nikamwandikia dawa, akainuka kwenda. Aliposhika mlango ndipo alipotaja kilichomleta hasa. "Daktari, mzee wangu anasema nina mwanamume mwingine nje, kwa sababu simtaki tena kitandani. Sina mtu. Naumia tu."

Kwa miaka ambayo nimetibu watu wa mitaa ya Eastlands, nimezoea kwamba habari za tendo la ndoa huja mwisho, mlangoni. Na wengi wanaozileta wamekwisha kujihukumu. Wanaamini kwamba hedhi ikikoma, hamu nayo imekwisha. Sivyo.

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Wakati huo ovari hupunguza sana homoni ya estrojeni, ile inayoufanya uke kuwa laini na wenye majimaji. Ngozi ya ndani huwa nyembamba na kavu, na tendo lenyewe huleta maumivu. Mwili ulioumizwa mara tatu nne hautaki kurudia. Huko si kukosa mapenzi, ni kuogopa maumivu. Testosteroni, ambayo wengi hudhani ni homoni ya wanaume tu, nayo huchangia ashiki ya mwanamke, lakini hupungua polepole tangu ujanani. Haianguki ghafla hedhi inapokoma, ila kwa aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji.

Mtafiti Alfred Kinsey wa Marekani, katika kitabu chake cha 1953, alionyesha kwamba ashiki ya mwanamume hufikia kilele mapema, ilhali ya mwanamke huchelewa na hudumu hapo kwa miaka mingi. Baadhi ya wagonjwa wangu hunieleza, huku wakicheka, kwamba raha ilianza walipoacha kuhofia mimba. Naye Daktari Rosemary Basson wa Kanada aliandika mwaka wa 2000 kwamba kwa wanawake wengi walioishi na mume muda mrefu, hamu haitangulii. Huja baada ya kubembelezwa. Mume anayengoja kuombwa atangoja sana.

Lakini tusilaumu homoni peke yake. Hapa kwetu familia nzima hulala chumba kimoja, wazazi na watoto wakitenganishwa na pazia. Mama akiwa na miaka 25, watoto walikuwa wachanga. Sasa nyuma ya pazia kuna kijana wa miaka 16, tena yuko macho. Na mama mwenyewe ametoka shifti ya usiku, akarudi Mukuru kwa miguu. Hamu itoke wapi?

Umri huu pia ndio wa presha na kisukari. Baadhi ya tembe za presha, na za kutibu huzuni, hupunguza ashiki. Usiziache kwa siri. Mwambie daktari akutafutie nyingine.

Mama yule nilimpa jeli ya kulainisha iliyotengenezwa kwa maji, kisha krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Mafuta ya kujipaka yasitumiwe pamoja na kondomu, kwani hupasua mpira, na virusi vya Ukimwi havijali kwamba huzai tena. Wengi huogopa homoni tangu utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002, uliohusisha tembe za estrojeni na projestini na saratani ya matiti. Krimu ya kipimo kidogo ni jambo tofauti, kwa kuwa huingia katika damu kidogo sana. Hata hivyo, aliyewahi kuugua saratani hiyo azungumze na daktari wake kwanza.

Damu ndiyo isiyoweza kungoja. Ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, usiseme hedhi imerudi. Nenda ukapimwe mara moja, kwani huenda ni saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba.

Mama alirudi baada ya mwezi, safari hii na mumewe. Nilimweleza mzee yote niliyoyaeleza hapa. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama zile tembe zake za presha nazo zina neno.