Nyota mbili ngeni juu ya Mbezi Beach

Mwishoni mwa Juni 2025, mwezi ukiwa ndio kwanza umeandama na anga la kipupwe limetakata, juu ya mchanga wa Mbezi Beach zilikuwapo nyota mbili ambazo mwanzoni mwa mwezi huo hakuna jicho lililoweza kuziona.

Ya kwanza iligunduliwa tarehe 12 katika kundinyota la Dhibu na ASAS-SN, mtandao wa darubini zinazojiendesha zenyewe na kukagua anga usiku hadi usiku. Ilikuwa hafifu, lakini ndani ya wiki moja hivi mwanga wake ukapanda karibu mara 20. Tarehe 25 ikatokea ya pili, katika kundi la Tanga, nayo ikaipita ya kwanza kwa kung'aa. Nova mbili za kuonekana kwa macho kwa wakati mmoja ni jambo adimu sana.

Nova ni neno la Kilatini, maana yake "mpya". Lakini nyota yenyewe ni kongwe: kibete nyeupe, iliyosinyaa hadi kulingana na Dunia kwa ukubwa, huku ikiinyonya nyota mwenzake haidrojeni. Gesi hiyo hurundikana juu yake, hushindiliwa, hupata joto, kisha hulipuka kwa mpigo. Kibete hakifi. Huanza kunyonya tena.

Kwa mkazi wa Mbezi kikwazo kilikuwa taa. Makundi yote mawili yalikaa upande wa kusini, juu ya mwanga wa Kawe na Mikocheni, hivyo darubini ndogo ya macho mawili ilihitajika, viwiko vikiegemezwa ubavuni mwa ngalawa ili mikono isitetemeke. Njia ya kuitafuta ya kwanza ilianzia kundi la Salibu, ikaenda kushoto hadi nyota ya Rijili Kantori, kisha ikapanda shubiri moja kwa mkono ulionyooshwa. Hapo ndipo ilipokuwa nova ya Dhibu.

Septemba 1, 2016 watu walisafiri hadi Rujewa, Mbeya, kutazama jua likipatwa. Nova haidai nauli.

Nyingine inangojewa: T ya Taji la Kaskazini, iliyolipuka 1866 na 1946. Ikilipuka tena itaonekana bila darubini. Mwezi Juni, kwenye saa nne usiku, kundi lake huwa kaskazini, upande wa Kunduchi. Zima taa ya kibarazani, yape macho dakika 20 yazoee giza, utazame huko.